Waya Uliofunga Ripoti Yangu

Msinicheke kabla sijamaliza. Enzi za vijiji vya ujamaa nilitumwa kutoka Korogwe kukagua simu ya kijiji kimoja cha Handeni, nione kama nyaya ni nadhifu na salama. Cheo changu kilikuwa na wiki mbili, na kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Nilimkuta Mama Zubeda, mpiga simu wa kijiji, akimwaga ndoo ya maji chini ya dirisha la chumba cha simu, mahali pasipoota hata jani. Nikaandika: anapoteza maji. Ndani niliona waya umening'inia kutoka kwenye simu, ukatokea dirishani na kuzama kwenye tope lile. Nikaandika: uchafu. Kisha nikaukata.

"Mwanangu, huo waya..." alianza.

"Shikamoo mama. Fundi ni mimi."

Ripoti ilijaa kurasa sita. Kamba ya kuifungia sikuwa nayo, nikatumia kilichokuwa mkononi.

Alasiri wingu zito lilitanda juu ya mahindi ya kijiji yaliyorundikwa uwanjani. Mwenyekiti alikuja mbio kuita lori Korogwe. Alizungusha mkono wa simu, akazungusha tena. Kimya. Mimi, mbele ya watu waliojaa mlangoni, nikamweleza kwamba hayo ndiyo matunda ya uzembe, na yote nimeyaandika. Nikamkabidhi ripoti.

Mwenyekiti alimgeukia Mama Zubeda. "Simu ina nini?"

"Haina waya wa ardhini, ule ninaoumwagia maji kila asubuhi ili tusikike," alijibu taratibu. "Ndio huo ulioushika, uliofunga ripoti."