Tonge la Mama Myeong-ok

Pyo Mal-sun aliuza samaki katika soko la bandari ya Gwanjin tangu alipoolewa hadi kichwa kikamjaa mvi, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba aliuziwa samaki aliyelala. Hilo naliandika kwanza, kwa sababu mengine hayapendezi. Wanawake wa soko walimfanya kiongozi wao, wakamwita Mama Myeong-ok, kwa jina la bintiye wa pekee.

Adui yake alikuwa Bwana Tak wa ofisi ya afya. Kila kiangazi, bahari ikipata joto, alifika na chupa zake kuchota maji ya gatini na ya matangi ya samaki. Maabara ikikuta humo kile kijidudu kinachozaliana kwenye maji ya chumvi yenye joto, alitundika kitambaa cha manjano langoni: samaki apikwe, mbichi asiliwe. Wateja wakatoweka.

"Umefika, Bwana Chupa?" Mal-sun alimpokea. "Leo umekuja kutuulia soko tena?"

"Siui soko, mama. Kuna kijidudu kwenye maji."

"Kiko wapi? Nionyeshe nikikate kichwa!" Wenzake walicheka. Alichovya kipande cha samaki mbichi kwenye pilipili, akakila akimkodolea macho. "Nimekula hivi maisha yangu yote. Mbona sijafa?"

"Kwa sababu ini lako ni zima. Wewe utaharisha, yataisha. Mwenye ini bovu kikimwingia kwenye damu, hawahi hata kuaga."

"Basi tutakiua kwa soju. Hapa pombe haikosekani."

"Pombe ndiyo iliyoyaharibu hayo maini, mama."

Kicheko kilipungua. Kila mtu pale alimjua Chil-bok, mume wa Mal-sun, fundi wa injini za mashua, ambaye ini lake lilikuwa limekakamaa kwa ulevi wa miaka. Daktari alikuwa amempiga marufuku pombe na samaki mbichi. Pombe aliiacha kwa kuugulia. Samaki mbichi hakuhangaika naye, kwani nyumbani mkewe alimchemshia kila samaki mpaka nyama ikaachana na mifupa.

Msomaji azingatie hapo. Onyo alilolikejeli sokoni, Mal-sun alilitii jikoni kwake. Mtu asiyejua husamehewa. Yeye alijua.

Mwaka ninaousimulia kitambaa kilitundikwa sikukuu ya mavuno ikiwa karibu, wakati ambao soko hutegemea kuuza kuliko wakati wowote. Mal-sun aliwaita watu wa televisheni ya mkoa. Alitandika mikeka mbele ya matangi, akawaketisha waume wa wauzaji, akawakatia samaki mbichi sinia kwa sinia. Kamera ikapita, watu wakatafuna na kusifu. Chil-bok alikaa kando akimenya vitunguu saumu.

Deok-ja, muuza pweza, ndiye aliyemwona. Alikuwa mwanamke mwenye mdomo.

"Dada kiongozi! Mbona shemeji hali? Au wa kufa ni waume zetu tu?"

Watu waliangua kicheko. Kamera iligeuka.

Mal-sun alichukua jani la mboga, akaweka kipande cha samaki, saumu na pilipili, akalifunga likawa tonge. Kwetu mke akikufungia tonge na kulileta mdomoni kwa mkono wake, hulikatai. Kulikataa mbele ya watu ni kumvua nguo. Chil-bok alimtazama.

"Moja tu, Baba Myeong-ok," mkewe alinong'ona.

Chil-bok akafungua mdomo. Watu wakapiga makofi.

Kesho yake Chil-bok alitetemeka kwa baridi katikati ya joto la kiangazi. Kulipokucha tena, miguu yake ilikuwa imevimba, yenye malengelenge ya zambarau. Myeong-ok alikuja mbio kutoka kwa mumewe.

"Mama, twende hospitali kubwa. Sasa hivi."

"Kule watapima damu, watatoa taarifa. Soko litafungwa mpaka sikukuu ipite."

"Mama, mtazame miguu!"

"Mwache mama yako," Chil-bok alisema kwa taabu. "Lilikuwa moja tu."

Wakampeleka kwenye zahanati ndogo karibu na kituo cha basi. Daktari alitazama miguu, akauliza kama mgonjwa alikuwa amekula kitu kibichi cha bahari.

"Hapana," Mal-sun alijibu. "Alikwenda kufyeka makaburi ya wazee wake. Labda kaumwa na mdudu."

Ulikuwa msimu wa kufyeka nyasi kwenye makaburi ya milimani kabla ya sikukuu, nchi nzima iko huko na mundu. Daktari aliamini. Alimtundikia maji, akampa dawa ya kupaka, akawaruhusu.

Alasiri Chil-bok hakumjua binti yake. Hospitali kubwa waliuliza swali lile lile, na safari hii alijibu Myeong-ok. Dawa zilitiwa mshipani, yakazungumzwa mambo ya kukata miguu. Alikufa kabla ya kufikishwa chumba cha upasuaji.

Sisemi Mal-sun alitaka mumewe afe. Nasema aliweka uhai wa mtu na msimu wa soko kwenye mizani moja, na aliyekwisha kufanya hivyo amekwisha kukosea, upande wowote uwe mzito zaidi.

Kwenye ukumbi wa msiba Deok-ja alimsogelea, akimshika mkono. "Dada, wakikuuliza, sema ini. Wala si uongo."

Bwana Tak aliingia, akasujudu mara mbili mbele ya picha ya marehemu, kisha akapiga magoti mbele ya mjane.

"Pole sana, mama. Kijidudu kimeonekana kwenye damu yake. Nisamehe kwa kuuliza leo. Alikula wapi, na nani wengine walikula?"

Wanawake wa soko waliacha kunywa supu.

"Sokoni," Mal-sun alisema. "Nilimlisha mimi. Wengine ni wale wa mikekani. Mume wa Deok-ja naye ni mlevi. Mpime."

"Mume wangu mzima!" Deok-ja aliruka. "Usituzike na maiti yako!" Kisha akashusha sauti, karibu ya kubembeleza. "Si ungengoja tu sikukuu ipite, dada?"

Hakuna aliyemkemea. Waliinuka mmoja mmoja, wakavaa viatu mlangoni, wakaondoka na kuacha supu ikitoa mvuke. Bwana Tak aliwafuata nje akiwasihi, nao wakasikika wakimfukuza.

Myeong-ok alianza kukusanya mabakuli. Mama yake akainuka kumsaidia.

"Kaa, mama," binti alisema bila kumtazama. "Usiguse chakula cha mtu."

Mal-sun akakaa.