Kaburi la Koti

Kuacha kazi ng'ambo si kama kuacha kazi kwa bwana wa mjini, kwamba unaaga, unachukua kofia yako unakwenda zako. Benedikto alilijua hilo mwaka 1953 huko Adeni, siku alipoingia katika ofisi ya kampuni ya meli aliyoipikia kwa miaka minane, akasema anataka kurudi kwao Mgeta. Walimwambia atoe notisi. Akatoa. Wakamwambia arudishe visu, sufuria na aproni, na kijiko kimoja kilichopotea zamani akakatwa bei yake, ingawa kilipotezwa na Mzungu mwenyewe aliyekwenda nacho kuvua samaki. Akapimwa na daktari, akapigwa picha, akazungushwa meza hii na ile mpaka akajiuliza kama anaacha kazi au anaomba nyingine.

Mwishoni akapewa hati. Miaka yote hiyo kampuni ilimpa nusu ya mshahara mkononi na nusu ikawekwa, na ile nusu mtu haipati huko huko. Anaipata kwao, kwenye boma la wilaya yake, akitoa hati yenye picha na mihuri. Isipotolewa ndani ya miezi sita, au ikipotea, basi, kampuni haidaiwi tena. Hayo yalisomwa mbele yake, naye akaweka sahihi.

Benedikto alikuwa na hofu ya wezi wa melini kuliko hofu ya bahari yenyewe. Alikuwa amenunua kwa baharia koti zito la sufu, akijua baridi ya Mgeta haina adabu. Akafumua bitana ya koti, akaitia hati ndani, imefungwa kwenye kitambaa cha mpira, akashona vizuri, koti akalilaza juu kabisa kwenye sanduku la bati. Sanduku akaliandika jina lake na la misheni ya kwao kwa rangi nyeupe. Likapakiwa. Halafu, mguu mmoja ukiwa tayari ngazini, akaitwa: mpishi wa kushika nafasi yake hajafika, na kwa mkataba hawezi kuondoka kabla ya kukabidhi jiko. Meli ikaondoka na sanduku. Mwenye sanduku akabaki miezi miwili na nusu akikaanga mayai ya watu. Aliandika barua nyumbani kuwaeleza. Barua hiyo ilifika Mgeta siku tatu baada ya yeye kufika, na kwa kasi hiyo afadhali angempa kobe.

Siku aliyoshuka kwenye lori la mboga pale Mgeta, wanawake waliokuwa wakipakia njegere walimtazama, wakatazamana, kisha wakaacha vikapu vyao njiani wakakimbia. Mmoja alipiga ishara ya msalaba akikimbia. Benedikto alicheka peke yake. Alidhani ni kofia.

Akapanda kile kinjia cha kwao, magoti yakilalamika, maana miaka minane ya tambarare humsahaulisha mtu mlima. Uani alimkuta mama yake, Magdalena, anachambua maharage, na dada yake Scholastika anatwanga. Wote wawili walivaa vitambaa vyeusi.

"Shikamoo, mama."

Mchi ukaanguka. "Usimwitikie!" Scholastika alipiga kelele. "Mama, usimwitikie! Ukimwitikia anakuchukua!"

Bibi Magdalena alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, ungo ukamponyoka na maharage yakamwagika. Benedikto alisimama na mzigo begani, salamu yake ikining'inia hewani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliogopa nyumbani kwao. Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mama." Ndipo yule bibi akafumba macho, kama mtu anayeruka mto, akasema, "Marahaba, mwanangu. Kama ni kunichukua, nichukue."

Alipomgusa na kumkuta ana joto na jasho la mlima, alilia kilio ambacho hata matangani hakukilia.

Habari yenyewe aliieleza Scholastika, akiwa bado amekaa mbali kidogo. Wakati wa vita, Leonard wa jirani alikwenda Burma kupigana, na kilichorudi ni sanduku la bati lenye jina lake kwa rangi nyeupe. Nguo zake zilikuwa ndani, yeye hakuwamo. Tangu hapo Mgeta yote ilijua maana ya sanduku linalorudi bila mwenyewe. Kwa hiyo lori la misheni lilipopanda na sanduku la Benedikto, vilio vilianza kabla breki hazijakamata. Nani angeuliza? Aulize nini? Padre mwenyewe alikuwa safarini Bagamoyo. Wakakaa matanga, watani wakaitwa, kaburi likachimbwa juu ya shamba la mahindi karibu na kaburi la baba yake.

"Mkazika nini?" Benedikto aliuliza.

"Tungezika nini? Mashuka tuligawana. Sufuria hiyo hapo ina maharage. Tulizika lile koti lako, ndilo lililokuwa na harufu yako."

Benedikto alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu, juu ya maharage. Akauliza kama kuna mtu aliyepekua koti kabla. Scholastika alichukia kabisa. Wao si wezi, akasema. Nguo ya marehemu haipekuliwi katika ukoo huu, na Benedikto alijua hivyo tangu utoto.

Miaka minane. Nyumba ya bati, shamba la viazi na kabichi, mke ambaye bado hakuwa na jina lakini alikwisha mpangia mahali pa kukaa. Yote hayo yalikuwa chini ya udongo, ndani ya bitana, na miezi sita ya hati ilikuwa imekwisha liwa karibu nusu.

Asubuhi alimfuata Dadi. Dadi alikuwa Mwislamu wa kijiji cha chini na mtani wa ukoo wao, na ndiye aliyelichimba kaburi, kwa kuwa mambo ya msiba wa ukoo hufanywa na watani, dini ziwe zinavyokuwa. Alipomwona Benedikto alicheka mpaka akashika mti.

"Marehemu! Umerudi kunilipa jembe langu? Nimelivunja kwa mawe yako. Hata kwa kufa wewe ni mbishi!"

Benedikto naye akacheka, akajibu ya kujibu, kwamba kaburi lenyewe halina hata urefu wa mbuzi, kisha akamwambia shida yake. Achimbe tu, atoe koti, afukie. Mbuzi wa kazi hiyo atampata.

Kicheko cha Dadi kilikatika. Watu waliomjua Dadi hawakuwahi kuuona uso wake bila mzaha, na Benedikto alipouona alishtuka kuliko alivyoshtuka jana.

"Hilo siliwezi," Dadi alisema. "Ardhi tuliiahidi mtu, ndugu yangu. Tukaipa koti, ikanyamaza. Tukilitoa koti, itamuulizia mtu wake. Na haitaniuliza mimi, itauliza tumbo lililokuzaa. Ni nani amebaki? Dada yako ana watoto wanne. Chagua."

Padre aliporudi aliambiwa, akakasirika. Alisema huo ni ushirikina mtupu, koti ni koti, chimbeni. Halafu akawasha pikipiki akaenda zake, maana jembe hakuwa nalo yeye. Hakuna aliyechimba.

Benedikto alikwenda bomani Morogoro. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, akamwita mwenzake aje asikilize tena, wakafuta machozi ya kucheka, kisha wakamwambia kwamba fedha ni za kampuni, hati ndiyo ufunguo, na ufunguo hauna pacha. Alirudi Mgeta na hasira. Aliishi na Wazungu, Waarabu na Wahindi, alijiambia. Amevuka bahari. Hawezi kuogopa shimo lilimozikwa koti. Akachukua jembe akapanda juu.

Msalaba ulikuwa wa mti mbichi, umeandikwa vizuri: BENEDIKTO, na tarehe iliyokwisha pita. Alilisoma jina lile mara mbili. Aliinua jembe. Akawasikia watoto wa dada yake huko chini wakigombea muwa, sauti nne, na sauti ya mdogo kabisa ikiwa juu ya zote. Jembe likashuka taratibu pembeni. Alijaribu tena kesho yake. Siku ya tatu hakujaribu.

Mvua zikaanza. Kila ilipopiga juu ya nyasi za paa, Benedikto alikuwa akiisikia ikishuka ardhini, ikitafuta koti, ikitafuta bitana, ikitafuta karatasi. Alikuwa akikaa mlangoni, ugali unapoa mbele yake. Mama yake alimtazama hivyo siku nyingi. Bibi Magdalena hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa jembe.

Siku ya gulio, wengine walipokwenda sokoni, Benedikto alikuwa anashona kikapu uani alipoona kitu kinashuka kutoka shambani, katikati ya matuta ya mahindi. Ni koti. Koti lake la sufu, jekundu kwa udongo, likitiririka maji, linatembea lenyewe, mikono mirefu ikining'inia. Kikapu kilimtoka. Lilipokaribia akaona juu ya kola kichwa cheupe cha mama yake.

"Nililivaa ili nipate mikono ya kushikia fimbo ya kutembelea," bibi alisema, akihema. "Nivue upesi, linanielemea."

"Mama, umefanya nini?"

"Nimechimba. Ndiyo kazi ninayoijua."

"Na ardhi? Na yale aliyosema Dadi?"

"Dadi kasema kweli. Ndiyo maana sikutaka achimbe yeye wala wewe. Kama inauliza tumbo lililokuzaa, basi tumbo lenyewe ndilo lililofungua. Nimeiambia, niko hapa, usiende kwa mjukuu." Akaketi, akanyoosha miguu. "Sasa fumua hiyo bitana yako tuone kama nimetaabika bure."

Benedikto alifumua. Kitambaa cha mpira kilikuwa kimeota ukungu, lakini ndani yake hati ilikuwa kavu, na picha yake ilimtazama kwa kiburi cha Adeni. Hakufurahi. Ukweli ni kwamba hakufurahi hata chembe. Alimtazama mama yake na akawa kama mtu aliyeshikishwa mshahara wa kazi asiyoijua.

Alikwenda bomani kwa sababu mama yake alimfukuza aende. Alilipwa yote, na makarani safari hii hawakucheka. Alirudi na mbuzi kwa kamba, akampitia Dadi, akamwambia kaburi limekwisha funguliwa, waende wakalifukie. Dadi alikubali. Walipofika juu, walimkuta Bibi Magdalena yuko ndani ya shimo, maji ya kiunoni, anayachota kwa sufuria ile ya Adeni.

"Tumekuja kufukia, mama. Toka," Benedikto alisema.

"Mfukie nini? Hili si lako tena." Alimwonyesha Dadi msalaba kwa kidevu. "Ng'oa jina lake hilo. Jina langu utaliandika wakati wake. Na wewe Benedikto, ukitia hata koleo moja la udongo humu, umeniongopea mimi na umeiongopea ardhi, na ujue itakakokwenda."

Benedikto alikuwa ameshika koleo. Alitazama mama yake, akamtazama Dadi, na Dadi, mtani wao, mtu wa mzaha, akavua kofia.

Bati lilinunuliwa, na mke akapatikana, Theresia, binti wa ng'ambo ya bonde. Kabichi zilikwenda Dar es Salaam kwa lori. Mama akaishi. Hakuugua hata mafua. Miaka sita aliishi na kaburi lake wazi juu ya shamba, na kila masika yalipokwisha, kuta za shimo zikiwa zimebomoka na tope limejaa, alimwita mwanawe. Benedikto akatelemka ndani na jembe, machozi na jasho havitengani, akalisafisha upya kaburi la mama yake aliye hai. Bibi Magdalena alisimama ukingoni na fimbo yake, akimwelekeza.

"Hapo kwenye kona bado, mwanangu. Chimba vizuri. Pembeni hapo pananibana."