Kiitikio cha Kushoto

Mama Shuka alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na jina hilo hakupewa bure. Kazi yake ilikuwa kukunja shuka zikitoka kwenye mashine ya kukaushia, na shuka za wodini hazikunjwi na mtu mmoja. Yeye hushika pembe mbili na mwenzake mbili. Wanavuta, wanageuka kulia pamoja, wanasogeleana mpaka pembe zikutane. Mwenzake alikuwa mwanamke mwembamba waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Miaka yote hiyo hawakuwahi kugongana.

Jumatatu hiyo waligongana mara nne kabla ya chai.

"Kulia, dada, kulia!" Redio alipiga kelele. "Au nikuchoree mshale ukutani?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

Shuka iliyofuata ikawaponyoka, ikatua sakafuni pwaa. Na shuka iliyogusa sakafu haina msamaha, inarudi kufuliwa upya. Msimamizi, kijana mpole asiyependa ugomvi, akachungulia mlangoni.

"Mama, wodi ya wazazi wanasubiri shuka. Nakuheshimu kama mama yangu mzazi, lakini ikianguka nyingine leo, kesho itabidi uende kwenye masinki ya kulowekea."

Masinki yalikuwa chumba cha nyuma, na huko mtu hufanya kazi peke yake, maji mpaka viwikoni, akitazamana na ukuta. Yaani upweke wa nyumbani usimtoshe, aongezewe na wa kazini?

Maana nyumbani kulikuwa kumekauka. Binti yake, mwanawe wa pekee, alikuwa amekuja kukaa mwezi mzima na kichanga chake, na Jumamosi mkwe akaja kuwachukua. Mama Shuka aliwasindikiza mpaka stendi, akapunga mkono hata basi lilipokwisha kukata kona. Aliporudi akakuta nepi moja imesahaulika kambani. Akaikunja peke yake juu ya goti, na kile kitambaa kidogo kikamshinda nguvu kuliko lundo la shuka. Jumapili kanisani alifungua kinywa aimbe, ikatoka pumzi tu.

Wakati wa chai Redio alimsogelea.

"Niambie ukweli. Mkono unauma?"

"Mkono mzima. Ni mwanangu." Akazungusha kikombe mkononi. "Yule ni wa mkono wa kushoto. Tangu mdogo tukikunja nguo anageukia kushoto, na mimi namfuata. Sasa mwezi mzima wa likizo yangu, asubuhi na jioni, tumekunja nguo za mtoto. Kichwa kinajua ameondoka, ila mwili haujaambiwa."

Redio akamshika bega.

"Na mbona leo huimbi?" akauliza. "Mimi nasogea kwa wimbo wako. Usipoimba sijui nivute lini, nigeuke lini."

"Nikiimba nitalia."

"Lia basi, dada yangu. Si tuko mahali pa kufulia? Tutakufua, tutakuanika, jioni utakuwa umekauka."

Mama Shuka akacheka bila kutaka, chai ikampalia.

Waliporudi mezani akamwomba Mungu kimoyomoyo amshikie sauti, akaanza wimbo wa shukrani. Mstari wa kwanza ulikwaruza. Wa pili machozi yakashuka, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta, mikono yote ilikuwa na shuka. Redio akaidaka sauti ya pili, ikapotea njia kama kawaida yake. Ubeti ukaenda salama, kulia, kulia tena. Kilipofika kiitikio, mwili ukageukia kushoto wenyewe. Lakini safari hii Redio alikuwa amemkazia macho, naye akageuka kushoto papo hapo. Pembe zikakutana barabara.

"Haya, tumepata!" Redio akasema. "Beti kulia, kiitikio kushoto!"

Wanawake wa upande wa pasi wakapokea kiitikio. Mama Shuka akafuta uso kwa bega, sauti ikapanda. Kila kiitikio alikuwa na mwanawe; ubeti ukianza, yuko kazini na Redio. Hamu haikuondoka, ila sasa ilimjia kwa zamu, na katikati yake kulikuwa na nafasi ya kupumua.

Msimamizi alipokuja, hakuna shuka nyingine iliyokuwa imeanguka. Akanyanyua moja, akaigeuza huku na huku, mguu wake ukifuata wimbo bila yeye kujua.

"Za wodi ya wazazi?"

"Ziko kwenye toroli, mwanangu."

"Basi na kesho mbaki hapahapa, mama. Mko vizuri."

"Asante, Mungu wangu," akasema Mama Shuka, na mabega yakamshuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Redio akavuta shuka nyingine. "Wimbo umekwisha. Tuanze upi?"

"Wowote," akajibu, "ila uwe na kiitikio kirefu."