Siku Niliyokataa Kukaa Kwenye Mkeka

Kwetu Kinama, hapa Bujumbura, mwanamke wa umri wangu hakai kwenye mkeka mbele ya nyumba yake mchana bila kazi mkononi. Akiwa na maharage ya kuchambua, sawa. Akiwa na mtoto wa kusuka, sawa. Lakini ukimkuta amekaa tu, miguu ameinyoosha, mikono mitupu, na wanawake wenzake wamemzunguka, huulizi habari. Unarudi kwako, unachukua kuni, unakwenda kumpa pole. Hapo pana kilio.

Kwa hiyo siku ambayo mjukuu wangu alikuwa juu ya mlima wa moto na simu yake haiiti, nilikataa kukaa. Popote.

Mjukuu huyo nimemlea mimi. Mimi shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vidole, lakini yeye yuko chuo kikuu, anasomea mawe. Ndiyo, mawe. Wakiniuliza pale sokoni ninapouza ndagala, dagaa wa ziwa letu, najibu kwa sauti ili hata wa meza za mbali wasikie: "Anasomea namna dunia inavyotapika." Sasa walimu wao walipata nafasi ya kupeleka wanafunzi wachache Ngazidja, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, watembee juu ya volkano zake. Akachaguliwa. Nilifurahi mpaka aliponiambia wataangalia mpaka ndani ya mdomo.

"Mdomo gani?"

"Mudomo ya mulima, Koko. Kule juu, mahali moto inatokea."

Koko ni bibi, kwa sisi watu wa Congo.

"Mi nayo niliiona," nikamwambia, "na sikulipa tikiti."

Mimi ni mtu wa Goma. Kule hatukuufuata mlima, mlima ulitufuata sisi. Uliingia mjini mwekundu, unakwenda polepole kama mtu anayeijua njia, ukachukua nyumba yangu, choo changu na migomba yangu. Tuliporudi kutazama, palikuwa na jiwe jeusi tu, bado lina joto, lenye meno ya kula viatu. Nikafunga nguo zangu, nikaja Bujumbura, ambako milima imenyamaza. Halafu mtoto niliyemlea anaufuata ule moto kwa miguu yake mwenyewe, begi mgongoni, anacheka. Nilimkataza. Hakunisikia. Na nilipokwisha kumkataza, nikaenda kumwambia kila mtu kwamba anapanda ndege.

Siku za kwanza sauti yake ilikuja kila jioni kwenye WhatsApp. Walitembea kaskazini mwa kisiwa, vilima vingi, kila kilima kina shimo kichwani kama chungu kilichovunjika shingo. Wanapanda, wanazunguka ukingo, wanashuka, wanapanda kingine. Ndani ya shimo moja alikuta majani mabichi na ng'ombe wamelala. "Koko, huku wanachunga ng'ombe mu tumbo ya volkano!" Sauti ile nililisikilizisha soko zima.

Kisha ikaja nyingine, upepo unavuma nyuma yake. "Koko, kesho tunapanda ile mukubwa. Tutalala juu, karibu na shimo. Kesho kutwa saa sita tuko chini, nitakupigia. Usiogope."

Saa sita ya siku hiyo ikafika, ikapita. Nikapiga. Yule mwanamke anayekaa ndani ya simu akaniambia kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Nikamtukana. Nikapiga tena, akarudia vilevile, hana hata aibu.

Nikaanza kuzunguka meza yangu. Mwenzangu anayeuza mawese pembeni akachoka.

"Mama, kaa basi! Unanitilia vumbi mu mafuta."

"Sikai."

"Mutoto iko na walimu wake."

"Walimu wana miguu ya chuma?"

"We ulimusifia hapa mpaka masikio ikatuuma. Leo unalia?" Akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Ita wamama wa maombi. Si ndiyo kazi yao?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikampigia kiongozi wa maombi, nikafunga ndagala zangu, nikaenda nyumbani kuwapokea. Walikuja upesi, siwezi kuwasema vibaya. Lakini nyumba yangu mchana ni tanuri, bati liko karibu na kichwa. Wakatoa mkeka nje, wakautandika mbele ya mlango, wakakaa, wakajifunika vitenge kichwani, wakaanza kuimba. Na katika nyimbo zote za kanisa wakachagua ule wa polepole, ambao kila mtu anaujua kwa sababu ndio tunaosindikizia maiti.

"Mama, kuya ukae, tuombe pamoja."

"Mi pale sikai."

"Hiyo ni mambo ya kipagani. Mukeka ni mukeka."

"Basi kaeni ninyi. Watoto wenu wako nyumbani."

Nikawa natembea, toka jikoni mpaka kwenye lango, toka lango mpaka jikoni, mikono kichwani. Sikufikiria mtu wa barabarani anaona nini.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani wa ng'ambo ya njia, Mrundi, ana mzigo wa kuni. Akautua, akanikumbatia, akasema "Wihangane", lile neno lao la pole. Nikadhani ananipa pole ya wasiwasi. Nikamshukuru! Akaja mwingine na maharage kwenye beseni. Wanaume wakatoka kwenye baa ya kona wamebeba benchi, wakazipanga ukutani, wakavua kofia. Mtu akawasha moto uani. Bado sikuelewa. Nilikuwa nasikiliza simu tu, iko ndani ya kitenge changu, kwenye kifua, imekufa kama jiwe.

Mara yule wa mawese akaingia langoni anapiga kelele, analia kuliko wote. Nikajua huyu amesikia kitu.

"Umesikia nini? Sema!"

"Ameanguka mu shimo! Mutoto wetu! Yoo!"

"Nani amekuambia?"

"Watu!"

"Watu gani?"

"Watu ya barabarani! Nimeuliza hawa wote wanaenda wapi na kuni, wakaniambia wanakuya hapa kwako!"

Nikageuka. Mzee mmoja kwenye benchi, mtu mpole, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, mwili utafika lini?"

"Mwili gani?" nikamfokea. "Mwili iko inatembea! Iko inashuka mulima! Hakuna mutu amekufa hapa, nendeni kwenu!"

Wimbo ukakatika. Hakuna aliyesimama. Nani atatoka kwenye kilio kwa sababu mwenye kilio amesema hakuna maiti? Walinitazama kwa huruma, wakadhani uchungu umenipanda kichwani. Mwanamke mmoja akanishika mkono, ananivuta taratibu kuelekea mkekani. Nikajichomoa, nikatoka langoni nikawaachia nyumba.

Nilikwenda upande wa Carama, mtaa wa jirani, haraka, kandambili zinanipiga visigino. Kule kuna nyumba ya ghorofa ambayo mwenyewe hajaimaliza, ngazi za zege tupu, hazina pa kushika.

"Mama, unatafuta nini huku?" mlinzi akauliza.

"Rezo. Kule chini simu haishiki vizuri."

"Utaanguka!"

"Basi utanipokea."

Nikapanda kwa miguu na mikono, kama mtoto anayejifunza. Pumzi ikaniishia katikati, nikapumzika nimesimama, tumbo kwenye ukuta, nikaendelea. Juu palikuwa na upepo, na nondo zimetokeza. Niliona mabati yetu yote, niliona ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Congo, ya bluu, imekaa kama haijawahi kumfanya mtu kitu. Nikainua simu juu ya kichwa. Nikangoja. Mkono ukachoka, nikabadilisha mkono.

Ikatetemeka.

"Koko?"

Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Koko, unanisikia? Niko chini."

"Chini wapi? Chini ya shimo?"

"Chini ya mulima! Niko ku barabara, kuna migomba, kuna watu. Ukungu ilitufunga kule juu, hatukuona njia. Na mwenzetu ameteguka mguu, tulikuwa tunamushikilia. Unalia?"

"Silii. Ni upepo."

"Upepo ya wapi? Uko wapi, Koko?"

"Nimepanda."

Akacheka, halafu akaanza kulia yeye. Akaniambia alilala kifudifudi kwenye ukingo wa lile shimo, akatazama chini, ni refu sana, na huko chini kuna mawe yanayotoa moshi. "Nilikufikiria," akasema. "Nyumba yako." Simu ikakatika.

Kushuka zile ngazi kulinishinda kuliko kupanda. Nilishuka kwa makalio, mlinzi ananielekeza pa kuweka mguu.

Nyumbani nikawaambia: yuko hai, nimemsikia kwa sikio langu. Yule wa mawese akataka kwanza aisikie sauti mwenyewe, ndipo anyamaze. Tatizo likabaki maharage. Chakula cha kilio hakirudi nyumbani kwa aliyekileta, ni mkosi, na kilikuwa kimeshatokota. Tukakila. Wanawake wakabadilisha wimbo, wanaume wakarudisha benchi moja baa, nyingine wakabaki nazo. Mimi nilikula nimesimama. Alikuwa amemaliza mlima, lakini bado alikuwa na bahari na ndege mbele yake.

Aliporudi, mweusi kwa jua, midomo imepasuka, niliutoa ule mkeka mwenyewe. Nikautandika mbele ya mlango mchana kweupe, nikakaa, nikanyoosha miguu, nikamwambia aweke miguu yake juu ya mapaja yangu. Ilikuwa na malengelenge mpaka kwenye nyayo. Nikaipaka mafuta ya mawese. Jirani wa kuni akapita, akasimama langoni, uso umeshabadilika.

"Mama, nani tena amekufa?"

"Viatu," nikamwambia, nikamwinulia kimoja. Soli ilikuwa imeliwa yote, unaona vidole upande wa pili. Lile jiwe nalijua meno yake.

Jirani alicheka mpaka akajishikilia lango. Mjukuu wangu naye akacheka, akaegemea ukuta, akafumba macho.

"Koko, unajua kuna kisiwa kingine, mulima yake ni murefu kupita ile?"

Nikaitoa miguu yake kwenye mapaja yangu. Nikasimama.