Jovin, meseji ile ilitoka kwa jina langu

Bado nashindwa kuamini, na kila nikijiuliza ni kipi hasa ninachoshindwa kukiamini, napata majibu mawili: kwamba Jovin amefariki, na kwamba amefariki kabla hajanijibu.

Kwa msiomfahamu, Jovin alikuwa mwenzangu katika mradi wa kuwatumia wakulima wa Ngara na Biharamulo meseji za mvua. Yeye alishughulikia pipeline, yaani njia nzima ambayo data za hali ya hewa hupitia hadi zigeuke maneno kwenye simu ya mkulima. Maneno hayo niliyaandika mimi.

Kila meseji iliishia hivi: "Ni mimi Editha, wa Mugoma." Wazo lilikuwa lake. Alisema watu hawapandi kwa kuambiwa na mashine. Wanapanda kwa kuambiwa na mtu ambaye mama yake wanamjua.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Kabla meseji haijatoka, mmoja anaisoma kwa sauti, mwingine anaacha kila kitu na kusikiliza, kisha anasema, "Haya, tuma." Bila neno hilo, hakuna kinachotoka.

Alikuwa Msubi wa Nyamahanga, Biharamulo, mtani wangu, na hakuniachia nafasi ya kupumua. Nikisoma mvua kubwa ya Ngara, aliuliza kama hiyo ni ya Mugoma au ya Nuhu, maana kwenye vilima vyenu vile, dada, hata safina ingeteleza. Nami nilimjibu kwamba kwao Biharamulo mvua huja kusalimia tu, haikai hata chai ichemke.

Mwaka huu data kutoka kwa mtoa huduma wetu wa zamani zilianza kuchelewa, tukapata mwingine. Mimi na Jovin tulikubaliana kuwatumia wote wawili sambamba kwa msimu mzima, tulinganishe, ndipo tuhame. Tulipeana mikono.

Kisha shangazi yangu akafariki, nikaenda Kasulo, hukuhuku Ngara, kuzika. Nikiwa pale msibani, simu ikalia kwangu na kwa wanawake wawili niliokaa nao mkekani: mvua ya kupandia imefika, pandeni maharage. Ni mimi Editha, wa Mugoma. Walinigeukia na kunishukuru.

Nilikuja kuelewa baadaye. Jovin alikuwa amehama kwa mtoa huduma mpya, peke yake, bila neno, na meseji ile akaiandika mwenyewe. Yule wa zamani alitupatia kiasi cha mvua ya kila siku peke yake. Huyu mpya alituma mvua ya jana ikiwa imeshajumlishwa na ya leo. Mfumo wetu ukajumlisha tena kilichokwisha kujumlishwa, na manyunyu yakaonekana kuwa mvua ya kupandia. Naamini kama ningemsomea takwimu zile kwa sauti, yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kumtaja Nuhu.

Maharage yalichipua, yakakutana na jua, yakakauka.

Mama yangu aliambiwa kwenye jumuiya, kwa upole ambao nadhani ulimuumiza kuliko matusi: "Mtoto wako ametupandisha kwenye vumbi." Jumamosi iliyofuata hakwenda. Hata sasa haendi.

Kwenye kikao, mkuu wa mradi aliuliza nani aliruhusu mabadiliko. Jovin alitazama meza. Nilimsubiri. Kikao kikaisha kwa uamuzi kwamba meseji yenye jina langu ni wajibu wangu.

Nilimfuata nje, nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Tutaongea, dada yangu. Nipe muda." Kisha akaugua, na wodini nilipokwenda kumwona tuliongea habari za uji na shuka. Muda niliompa, ameondoka nao.

Nimejaribu kumtetea. Labda alisukumwa na mtu. Labda data za zamani zilikatika kabisa siku ile, akaona heri meseji itoke kuliko wakulima wakose kabisa. Sina hakika na lolote kati ya haya, ila kila utetezi ninaoujenga unakwama mahali pale pale: nilikuwa msibani, lakini simu yangu ilikuwa mkononi, angeweza kunipigia.

Tulipomzika huko Nyamahanga, nilikwenda kumsalimia mama yake. Shikamoo, mama. Akaitikia, akanishika kiganja, akauliza kama mimi ndiye Editha wa mvua. Nikakubali.

"Na mimi nilipanda siku ile," akasema. "Nilimpigia kwanza. Akaniambia, 'Mama, huyo ni Editha, wewe panda.'"

Hakunilaumu. Alikuwa ananisimulia jinsi mwanawe alivyoniamini.

Nilikuwa nimefika kwenye kaburi lile nikijua kwamba alijificha nyuma ya jina langu. Niliondoka bila kujua. Ama aliiamini kweli mvua ile, ama alijificha hata mbele ya mama yake mzazi. La pili ndilo linaloniuma zaidi, na siwezi kulikanusha.

Nilipomaliza kuandika haya, niliona siwezi kuyaweka hapa bila kuyasoma kwa sauti mbele ya mtu. Nikampigia mke wake, wifi yangu, nikamwambia akikataa nitayafuta. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha.

"Alitaka kukwambia," akasema. "Kila siku ilikuwa kesho, kesho." Kisha akasema: "Haya, tuma."

Sikuwahi kumweleza utaratibu wetu. Jovin ndiye aliyemweleza.

Kwa watu wa Mugoma, na kwa wanajumuiya wa mama yangu: meseji ile ilibeba jina langu, lakini sikuiandika, sikuisoma, na hakuna aliyeketi kuisikiliza.

Jovin, kaka yangu, sijakusamehe bado, na machozi haya ni yako vilevile. Lala salama. Kile ulichoniacha nikikisubiri, nimekisoma kwa sauti.