Shujaa Mwenye Mbeleko

Binti yangu anafanya biashara ya vitambaa Guangzhou, na mwaka huu kaniita nije nikae naye. Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani enzi zangu, nasema nilikuwa mwandishi wa vibonzo, miaka ya sabini, Dar es Salaam. Wananiitikia kwa adabu, basi yameisha.

Mimi niliandika maneno tu. Kuchora sijui, hata kuku nikimchora mimi utauliza ni mnyama gani. Mchoraji alikuwa rafiki yangu, marehemu sasa. Shujaa wetu aliruka angani na mbeleko ya mama yake kaifunga shingoni. Ileile aliyobebewa utotoni ndiyo iliyompa nguvu. Tukamtengenezea na filamu ya katuni, picha mojamoja, wiki nzima tunahangaika ili avuke paa moja! Hakuna kilichobaki. Magazeti yaliliwa na mchwa, mkanda ukaoza. Nilitaka nimwone tena kabla sijafa, hilo tu.

"Baba, twende Zhongda, kule soko la vitambaa," binti akasema. "Kuna mama anachora michoro ya vitambaa. Wewe eleza, mimi nitatafsiri."

Tukaenda. Yule mama wa Kichina alikuwa mbele ya kompyuta, kikombe cha chai pembeni. Nikaeleza kifua, ngumi, macho. Binti akageuza kwa Kichina chake cha sokoni, kile cha kuombea punguzo. Kufika kwenye mbeleko akakwama. Akajipigapiga mgongoni, akajitikisa kama anayebembeleza mtoto. Yule mama akacheka, kaelewa! Kumbe na wao huku wanazo zao, mabibi wanabebea wajukuu. Akachora harakaharaka, akatugeuzia kioo.

Ala! Shujaa wangu kainama, kabeba mtoto mgongoni, mtoto kalaza kichwa upande.

"Siyo hivyo!" nikafoka. "Inafungwa shingoni! Shujaa gani analea?"

Binti alicheka mpaka akashika meza, kisha akaanza kumwomba yule mama afute.

"Mwache," nikasema. Mwenyewe niliisikia sauti yangu imebadilika.

"Vipi, baba?"

Nikavuta kiti nikaketi. Nikamwambia binti kwamba mbeleko tuliyoichora ilikuwa ya mke wangu, mama yake yeye. Rafiki yangu alikuwa akija nyumbani kuiazima aitazame akichora, na yeye binti, mchanga bado, akiiona inachukuliwa analia mpaka nyumba haikaliki. Basi rafiki yangu akaona isiwe taabu. Akambeba mgongoni kwa mbeleko hiyohiyo, akainamia karatasi, akawa anachora huku anamtikisatikisa. Picha ya mtu yule sina hata moja. Nina hamu naye, wallahi, hamu isiyo na dawa.

Binti akakisogelea kile kioo.

"Huyo siye shujaa," nikamwambia. "Huyo ndiye yeye. Na huyo wa mgongoni ni wewe."