Miguu Peku ya Mama

Hadi leo nikimkumbuka yule bwana, damu inanichemka.

Filamu yangu ya safari ya Dar mpaka Newala ilikuwa imekwisha. Miaka miwili niliihangaikia peke yangu: kamera nilinunua kwa Mgiriki wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga virago, mikanda ikasafishiwa Nairobi, kisha nikawa nakata na kuunga kwa wembe na gundi juu ya meza ya kulia, nyumbani kwetu Temeke. Sasa nilikuwa naitaka Zambia. Baada ya Zambia, Msumbiji ikishajikomboa. Kilichobaki ni barua ya kibali tu, na bwana wa ofisi ya vibali alisema lazima aione filamu kwanza.

Akaja mchana. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukatundika shuka jeupe ukutani, mashine ya kuonyeshea nimeazima kwa padri. Mama kakaa kitini na khanga mpya, miguuni viatu nilivyomnunulia Kariakoo kwa ajili ya siku ile. Vilikuwa vinambana, lakini hakusema. Yule bwana akamwamkia vizuri tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mkanda ukaenda mpaka pale nilipopapenda kuliko pote. Lori limenasa matopeni karibu na Rufiji, abiria wanasukuma, na mbele yao mama yangu, khanga kaikaza kiunoni, miguu peku, tope mpaka magotini, anacheka. Pale kitini naye akacheka kimyakimya, mkono mdomoni.

"Simamisha," yule bwana akasema. "Huyo bibi wa matopeni atoke."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ndugu, hana viatu! Unataka wageni huko nje waseme tumejitawala na mama zetu bado wanatembea peku? Mtoe, Jumatatu uje uchukue barua."

Ala! Kwani uhuru uligawa viatu? Si miguu hiyohiyo iliyokwenda mikutanoni kuudai huo uhuru? Na lile lori lilitolewa na nani, kama si peku hao, wenye viatu wamekaa juu wanatoa amri? Nikafungua kinywa nimwambie: bibi huyo ndiye uliyemwamkia sasa hivi. Mama akanikanyaga mguu, kwa kiatu chake kipya.

"Mtoe, baba," akasema taratibu. "Usikose safari kwa ajili ya miguu."

"Mama ana busara," yule bwana akasema. Mjinga mkubwa! Hata hakujua anamsifu nani.

Nikamtoa. Nasema wazi, maana nusu ya hasira hii ni ya yule bwana, nusu ni yangu mwenyewe. Nilimkata mama yangu kwa wembe, kile kipande nikakitia kwenye kopo la maziwa. Barua nikapata. Zambia nikaenda, nikapiga picha wiki sita.

Niliporudi nilimkuta uani anatwanga, peku, jua la asubuhi limempiga vizuri usoni. Nikaitoa kamera mbio.

"Mama, hapohapo, usisogee!"

"Ngoja kwanza," akasema. Akaegemeza mchi ukutani, akaingia ndani kuvaa vile viatu.